Waja Leo, Waondoka Leo: Idadi ya Watu, Afya na Mazingira katika Pwani ya Tanga

Nenda soko la samaki la Pangani asubuhi, vyombo vinaporudi, uulize kwa nini samaki wamekuwa haba. Utasikia habari za upepo, za nyavu za macho madogo, za matajiri wenye boti za mashine; lakini jibu moja halikosekani: "Watu tumekuwa wengi." Panda Lushoto uulize kwa nini shamba la babu limegeuka vipande vya kulimwa kwa asubuhi moja, utajibiwa vivyo hivyo. Fungua andiko la mradi wa hifadhi, ongezeko la watu limeshatajwa kabla hujageuza ukurasa. Mvuvi, mkulima na mwandishi wa miradi hawakubaliani kwa mengi. Wakikubaliana kwa wepisi namna hii, inafaa jambo lenyewe likaguliwe.

Tuanze na hesabu. Sensa ya 1967 ilikuta watu wapatao 770,000 katika Mkoa wa Tanga. Ile ya 2012 ikahesabu 2,045,205, na ya 2022 ikafikisha 2,615,597. Kwa miaka 55 mkoa umeongezeka zaidi ya mara tatu. Ni ongezeko kubwa, lakini katika miaka hiyo hiyo taifa zima lilitoka watu milioni 12.3 hadi milioni 61.7, yaani mara tano. Kumbe Tanga imekua polepole kuliko nchi, na sehemu ya sababu ni kwamba watu wake wengi wamekwenda kuishi kwingine, Dar es Salaam kwanza.

Sasa linganisha wilaya mbili za mkoa huo huo. Mwaka 2012 Pangani ilikuwa na watu takriban 54,000, wachache kuliko wilaya nyingine zote za Tanga. Lushoto, pamoja na Bumbuli, ilikaribia nusu milioni. Ingekuwa wingi wa watu peke yake ndio unaoharibu mazingira, basi matumbawe, mikoko na samaki wa Pangani wangekuwa salama. Lakini Pangani ni miongoni mwa sehemu za pwani zilizolia kwa muda mrefu kuhusu uvuvi wa baruti, ukataji wa mikoko na mto unaoingiwa na chumvi. Hapo ndipo sosholojia inapoanza kazi. Haikatai kwamba watu wameongezeka. Inauliza ni watu gani, wamefikaje, na nani ana amri juu ya kile wanachokigombania.

Mabishano ya zamani

Kuna kambi kuu mbili za zamani na moja iliyozaliwa kati yao. Ya kwanza ni ya Thomas Malthus, mchungaji Mwingereza aliyeandika mwaka 1798 kwamba watu huongezeka haraka kuliko chakula, na kwamba njaa na maradhi huja kusawazisha hesabu. Miaka 170 baadaye Garrett Hardin, katika makala yake ya 1968, aliipeleka hoja hiyo kwenye mali ya wote: malisho yasiyo na mwenyewe, kila mfugaji ataongeza ng'ombe mmoja zaidi hadi majani yaishe. Weka bahari mahali pa malisho na ngalawa mahali pa ng'ombe, utapata maelezo ambayo ofisi nyingi za pwani huyatumia mpaka leo.

Kambi ya pili ni ya Ester Boserup, mwanauchumi wa Denmark, aliyesema mwaka 1965 kwamba wingi wa watu huweza kumlazimisha mkulima kubuni: kupunguza muda wa kulaza shamba, kutia samadi, kujenga matuta. Mfano wa karibu ni Machakos, Kenya. Miaka ya 1930 maofisa wa kikoloni waliiona kama jangwa linalokuja. Mwaka 1994 Mary Tiffen na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa watu wa huko wameongezeka takriban mara tano, na mmomonyoko umepungua.

Kambi ya tatu inasema mali ya wote si mali isiyo na mwenyewe. Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009, alikusanya mifano ya wavuvi, wakulima wa mifereji na wachungaji waliolinda mali ya pamoja kwa vizazi, kwa sababu walitunga kanuni wenyewe, wakajua nani ni mwenzao na nani si mwenzao, na wakawa na uwezo wa kumwadhibu mvunjaji. Kwa kambi hii swali la kwanza ni nani anaamua. Idadi ya watu inafuata nyuma.

Historia ya Tanga ina ushahidi wa kupima kambi zote tatu. Na ushahidi wa kwanza unatoka wakati ambapo tatizo lilikuwa uchache wa watu.

Watu walipopungua, pori lilirudi na mbung'o wake

Mwishoni mwa karne ya 19 bara hili lilipigwa kwa mfululizo. Sotoka iliua ng'ombe kuanzia 1890 na kuendelea, nzige na ukame vikafuata, ndui ikapita, funza akaingia kutoka magharibi, na uvamizi wa Wajerumani ukavuruga yaliyosalia. Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha 1977, alidai kuwa jamii za Tanganyika zilikuwa na uwezo wa kuidhibiti ikolojia yao kwa kulima, kufuga na kuchoma moto kwa majira, na kwamba misiba hiyo ilivunja udhibiti huo. Watu na mifugo walipopungua, vichaka vilirudi, na vichaka vikamleta mbung'o.

James Giblin aliichimba hoja hiyo Uzigua, katika nchi ya Handeni na ukanda unaoteremka kuelekea Pangani. Kitabu chake cha 1992 kinafuatilia karne nzima, 1840 hadi 1940. Hakuridhika kusema kuwa maradhi yalikuja. Aliangalia mahusiano. Wakubwa wa Kizigua walipokea chakula na kazi kutoka kwa watu wao, na wakati wa njaa walitarajiwa kuwafungulia ghala. Utawala wa kikoloni ulipowanyang'anya mapato hayo na kuweka kodi mahali pake, wajibu wa kulisha ukakosa mwenyewe. Njaa ikawatawanya watu, mashamba yakaachwa, ng'ombe wakafa kwa nagana, maradhi yanayoenezwa na mbung'o, na nchi iliyokuwa ya wafugaji ikaonekana kama pori la asili. Mtu aliyefika miaka ya 1930 angeapa kwamba Handeni haijawahi kufuga.

Kwa hiyo katika ukurasa huu wa historia mlinganyo umegeuka: watu wachache, maradhi mengi, mazingira mabaya. Na nyuma ya mlinganyo huo kuna jambo la siasa, yaani kuvunjika kwa mkono uliokuwa ukiwaunganisha watu na ardhi yao.

Wasambaa walikuwa na maneno yao kwa jambo hilo. Steven Feierman, aliyeishi na kusoma Usambara na kuchapisha kazi zake mwaka 1974 na 1990, aliyaweka katikati ya uchambuzi wake: kuzifya shi na kubana shi, kuiponya nchi na kuiharibu nchi. Nchi iliyoponywa ni ile yenye mvua, mavuno, watoto wanaozaliwa na kuishi, na amani baina ya watawala. Mtawala mmoja mwenye nguvu aliaminika kuiponya. Watawala waliopigania enzi, kama ilivyotokea baada ya kifo cha Kimweri ye Nyumbai mwaka 1862, waliiharibu. Leo tuna wizara ya afya, ofisi ya mazingira na tume ya mipango inayoshughulikia idadi ya watu, kila moja na mlango wake. Msambaa wa karne ya 19 aliliona kama swali moja, na aliliuliza kwa mwenye enzi.

Watu walioletwa

Msemo maarufu wa Tanga ni "waja leo, waondoka leo." Historia ya mkonge inaukejeli. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida. Ilipofika Pangani ilikuwa hai 62 tu. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyotanda kutoka Pangani na Muheza hadi Korogwe na kuifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa kabisa wa mkonge duniani. Kufikia katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka.

Mkonge ulihitaji mikono, na wenyeji wa pwani, wenye mashamba yao ya minazi na mihogo, hawakuitaka kazi ile kwa ujira ule. Basi mikono ikaletwa: Waha kutoka Kigoma, Wabena na Wanyakyusa kutoka kusini, Wamakonde na Wamakua wa Msumbiji, Warundi na Wanyarwanda. Wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na namba yake. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika la kuwaandikisha, SILABU. Waliwekwa kambini, wengi bila familia, kwa mikataba ya muda. Ilitarajiwa waje leo na waondoke kesho.

Hawakuondoka wote. Bei ya mkonge ilipoporomoka miaka ya 1960 na uzalishaji kuanguka miongo iliyofuata, mashamba mengi yalibaki magugu, lakini hati zake zikaendelea kuwepo. Watoto na wajukuu wa manamba wakajikuta wanaishi katika vijiji vilivyobanwa kati ya shamba lililokufa na msitu uliohifadhiwa. Wanakata kuni wapi? Wanachoma mkaa wapi? Wakionekana kama "ongezeko la watu linalotishia msitu", takwimu ni ya kweli na maelezo ni ya uongo, kwa sababu wingi huo uliletwa na uchumi fulani, na uhaba wao wa ardhi uliachwa na uchumi huo huo.

Milima ya Usambara Mashariki inatoa mfano mwingine. Miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti mikubwa ilivunwa kwa mashine juu ya Amani na kampuni ya umma ya mbao ya Sikh Saw Mills, kwa msaada wa Finland. Wanasayansi walipiga kelele, uvunaji ukasimamishwa katika muongo huo huo, na Finland yenyewe ikageuka kuwa mfadhili wa uhifadhi. Mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Kisha wakulima wa iliki, waliokuwa wakiotesha zao hilo chini ya kivuli cha msitu katika ushoroba wa Derema, wakatakiwa waondoke na kulipwa fidia. Msumeno wa mashine ulikwenda zake. Gharama ya kuulinda msitu ikabebwa na mwenye jembe.

Amani ina somo la afya pia. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa viumbe na kilimo pale mwaka 1902, na kufikia miaka ya 1950 palikuwa makao ya utafiti wa malaria kwa Afrika Mashariki. Walipachagua kwa sehemu kwa sababu ya baridi yake, maana mbu wa malaria walikuwa wachache. Mwaka 1987 watafiti wa taasisi hiyo, ambayo tayari ilikuwa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa malaria imepanda mlima. Msitu ulikuwa umefunguliwa, joto limeingia, na wafanyakazi wa chai na watu wengine walikuwa wakipanda na kushuka kati ya Amani na Muheza. Maradhi hayakungoja watu wawe wengi. Yalifuata njia walizopita na miti iliyoangushwa.

Matuta ya Mlalo

Miaka ya mwisho ya ukoloni serikali ya Kiingereza ilifikia hitimisho kwamba Usambara imejaa mno na udongo unakwisha. Mwaka 1946 ukaanzishwa mpango wa bonde la Mlalo, baadaye ukapanuliwa: matuta ya lazima kwenye miteremko, kupunguza mifugo, kuzuia kulima penye mwinamo mkali. Kitaalamu haukuwa wa kipuuzi. Matuta huzuia udongo. Kufikia 1957 na 1958 upinzani wa wananchi uliuvunja.

Maofisa waliona ujinga. Feierman, alipowasikiliza wazee na akina mama wa Usambara miaka ya baadaye, aliona hesabu tofauti. Kazi ya kulima matuta iliwaangukia wanawake, ambao tayari walikuwa na mzigo wa chakula cha nyumbani. Ardhi ya maskini wengi ilikuwa ya kuazima, na mtu akijenga matuta ya kudumu juu ya ardhi ya kuazima ni nani atakayebaki nayo? Wenye uwezo wangeweza kulinda mashamba yao ya migomba na kahawa, na wasio nacho wangepoteza hata kipande cha mihogo. Tena waliosimamia amri ni machifu waliokuwa wakilipwa na serikali. Katika lugha ya nchi, watu wakasema wakubwa hawa wanaiharibu nchi badala ya kuiponya.

Kuanzia 1981 mradi mwingine wa udongo na kilimo mseto, uliofadhiliwa na Ujerumani, ulifanya kazi Lushoto kwa karibu miaka ishirini, na safari hii matuta ya fanya juu, majani ya mabingobingo na miti vilipokelewa kwa hiari na sehemu ya wakulima, hasa penye soko la mboga na uhakika wa shamba. Watu walikuwa wengi kuliko 1946, na udongo na mwinamo ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni kwamba mkulima alikuwa na kauli zaidi juu ya shamba lake.

Baruti

Tuteremke baharini. Uvuvi wa baruti umesikika pwani hii tangu miaka ya 1960, na ulipigwa marufuku kisheria mwaka 1970. Chupa ya baruti inaua kila kilichomo ndani ya mzunguko wake, wazazi na vifaranga, na kuliacha tumbawe kifusi. Maelezo rahisi ni ya Hardin: wavuvi wengi, samaki wachache, kila mtu anakimbilia njia ya mkato.

Lakini tazama mfululizo wa matukio. Mwaka 1994 ulianza Mpango wa Hifadhi na Maendeleo ya Ukanda wa Pwani ya Tanga, kwa fedha za Ireland na utaalamu wa Shirika la Kimataifa la Uhifadhi, IUCN. Vijiji vilikaa pamoja kwa maeneo ya uvuvi, kama Mtang'ata, kwenye maji ya Kigombe na Tongoni. Vikapanga matumbawe ya kufungwa na ya kuachwa wazi, vikaandika kanuni, vikafanya doria pamoja na maofisa na wanamaji. Baruti ikapungua sana na matumbawe yaliyofungwa yakaanza kupona. Mpango ulipokwisha mwaka 2007, fedha za doria zikakauka, kesi zikafia mahakamani, na milipuko ikarudi. Mwaka 2015 watafiti waliovuta vinasa sauti chini ya maji kando ya pwani yote ya Tanzania walinasa zaidi ya milipuko 300 kwa kipindi cha mwezi mmoja tu. Mwaka huo huo serikali ikaunda kikosi kazi cha vyombo mbalimbali vya dola. Kikafuata njia ya baruti yenyewe kutoka migodini, machimboni na kwenye ujenzi wa barabara, na kikawafuata pia wanunuzi wa samaki. Kufikia 2018 milipuko ilikuwa imepungua kwa kiasi ambacho wazee wa pwani hawakutegemea kukiona.

Katika miaka yote hiyo idadi ya watu haikushuka hata mara moja. Baruti ilipungua, ikapanda, ikapungua tena, huku watu wakiongezeka kwa mstari ule ule. Jambo linalopanda na kushuka haliwezi kuelezwa na jambo linalopanda tu.

Haina maana kwamba wingi wa wavuvi si kitu. Juya linalokokota majani ya bahari karibu na ufuo, na nyavu zinazonasa wachanga, ni shinikizo la kweli, na vijana wasio na shamba wanaingia baharini kwa kukosa pengine pa kwenda. Lakini hata hapa hesabu ya wakazi haitoshi. Wavuvi wa pwani huenda dago. Hufuata samaki na majira, kutoka Pemba, Kipumbwi, Mkwaja hadi Bagamoyo na kusini zaidi, na kambi ya dago huweza kujaa wiki hii na kubaki vibanda vya makuti mwezi ujao. Kijiji chenye watu elfu moja katika daftari la sensa kinaweza kuwa na wavuvi mara mbili ya waliohesabiwa. Wao nao ndio waja leo wa kweli, na kanuni ya kijiji haiwafiki mpaka iwatambue.

Hapa pia ndipo afya inapoingia. Dago ni mahali pa fedha taslimu za usiku mmoja, vijana mbali na nyumbani, na akina mama wa kununua samaki wa kukaanga wanaotegemea hisani ya nahodha ili wapate mzigo. Hatari ya VVU katika mazingira hayo inatokana na mpangilio wa biashara. Mama akiwa na mtaji wake na ndoo yake, uwezo wake wa kukataa ni mkubwa kuliko wa yule anayengoja kupewa kwa mkopo.

Mradi uliounganisha matatu

Uhusiano huo ndio uliozaa aina ya miradi inayojulikana kwa majina yake matatu: idadi ya watu, afya na mazingira. Katika vijiji vya Pangani na Bagamoyo vinavyozunguka Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, Ushirikiano wa Usimamizi wa Pwani Tanzania pamoja na Chuo Kikuu cha Rhode Island, kwa fedha za Marekani, uliendesha Mradi wa Pwani kuanzia 2009, ukishirikiana na mradi wa kimataifa wa BALANCED uliokwisha mwaka 2013. Wahudumu wa kijiji walibeba vidonge na kondomu pamoja na mazungumzo juu ya mikoko, wenye maduka wakauza kondomu, waelimishaji rika wakazungumza na wavuvi, na vikundi vya kuweka na kukopa vikapewa elimu ya majiko banifu, mwani na uzazi wa mpango kwa mkupuo mmoja.

Mantiki yake ina nguvu. Mwanamume anayekwepa kikao cha uzazi atakuja kwenye kikao cha bahari, na mwanamke asiyeitwa kwenye kikao cha bahari atakuja kwenye kikao cha afya. Wakikutanishwa, kila mmoja anasikia la mwenzake. Huko Ufilipino mradi wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulilinganisha maeneo yaliyounganisha huduma hizi na yaliyozitenganisha, na matokeo ya kuunganisha yakawa bora. Kusini magharibi mwa Madagascar, shirika la Blue Ventures lilifungua huduma za uzazi kwa wavuvi wa Velondriake mwaka 2007 baada ya kufanya nao kazi ya hifadhi.

Hata hivyo mambo mawili yanatakiwa kusemwa wazi. La kwanza ni muda. Mtoto asiyezaliwa mwaka 2012 asingeingia kwenye ngalawa kabla ya 2027, na mradi wa miaka minne hauwezi kudai kuwa umeokoa samaki kwa njia hiyo. Faida yake ya haraka ilikuwa kwa mama mwenyewe, kwa nguvu zake na muda wake. Hiyo inatosha kuwa sababu. Kwa mujibu wa utafiti wa taifa wa afya wa 2022, wanawake wa Tanzania wanazaa kwa wastani watoto 4.8, wa mijini 3.6 na wa vijijini 5.5, na takriban mwanamke mmoja kati ya watano walio katika ndoa angependa kuchelewesha au kusitisha uzazi lakini hatumii njia yoyote. Mkutano wa kimataifa wa idadi ya watu na maendeleo uliofanyika Kairo mwaka 1994 ulilithibitisha hilo: uzazi wa mpango ni haki ya mtu, si chombo cha kulinda msitu.

La pili ni mamlaka. Huduma ya hiari inategemea upepo wa siasa. Septemba 2018 Rais John Magufuli aliwataka Watanzania waachane na uzazi wa mpango, na matangazo yake yakasimamishwa. Mrithi wake, Rais Samia Suluhu Hassan, amewahimiza wananchi wapange uzazi. Mama wa Mkwaja alikuwa yule yule, mwenye watoto wale wale na kisima kile kile, na aliambiwa mambo mawili kinyume ndani ya miaka michache. Fedha za wafadhili nazo huja na kuondoka. Waja leo, waondoka leo: msemo huu unawafaa wafadhili kuliko ulivyowafaa manamba.

Kisima cha jirani wa juu

Ipo sehemu ya swali hili ambayo haiko Pangani kabisa. Mto Pangani unakusanya maji ya Kilimanjaro, Meru, Pare na Usambara. Kabla hayajafika mdomoni yamepita mashamba ya miwa na maua, miji ya Arusha na Moshi, bwawa la Nyumba ya Mungu lililokamilika miaka ya 1960, na mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Maji matamu yakipungua, bahari inapanda mto. Minazi ya kingoni imekauka, mashamba ya mpunga yameingiwa na chumvi, na visima vimebadilika ladha. Mkazi wa Pangani akiugua tumbo kwa maji mabaya, sababu yake inaweza kuwa uamuzi uliofanywa kilomita mia kadhaa kutoka kwake na watu ambao hatawaona. Mwambie yeye azae kidogo, chumvi haitashuka.

Uamuzi mwingine wa mbali unaifikia pwani hii: bomba la mafuta kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, kaskazini ya mji wa Tanga. Wafanyakazi waliletwa na ardhi imefidiwa, jirani na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti iliyotangazwa mwaka 2009 kwa ajili ya samaki wa kale kuliko binadamu. Tukingoja sensa ijayo itueleze Chongoleani imekuwa na watu wangapi, tutajua idadi na kukosa sababu, kama tulivyokosa kwa mkonge.

Nani mgosi wa kaya?

Mashabiki wa Coastal Union, klabu ya soka ya Tanga, hujiita Wagosi wa Kaya, wanaume wa nyumbani. Dodoso la utafiti nalo humtafuta mgosi wa kaya: nani mkuu wa nyumba hii, ana miaka mingapi, analima ekari ngapi. Kwa pwani swali hilo linapoteza nusu ya ukweli. Mgosi yuko dago Kipumbwi. Mama ndiye anayejua kuni zimetoka wapi na mtoto aliharisha lini. Binti ameolewa Tanga mjini lakini analeta fedha za chumvi na sukari. Kijana wa kazi anayelala jikoni hahesabiwi na upande wowote.

Utafiti unaotaka kuelewa watu, afya na mazingira hapa unapaswa kubadili vitu vitatu. Uhesabu wanaopita, si wanaolala tu. Dago lina majira, na hesabu yake ifuate majira hayo. Umuulize mke na mume kila mmoja peke yake, kwa kuwa majibu ya nyumba moja juu ya uzazi na juu ya kuni hayalingani. Na kila penye kiwango cha uharibifu, uandike pembeni nani alikuwa na mamlaka ya kuzuia na kwa nini hakuzuia. Safu hiyo ya mwisho haimo katika madodoso mengi, na ndiyo iliyoeleza Uzigua, Mlalo na baruti.

Wengi wape, wahenga walisema. Pwani hii wengi hawajapewa. Wamehesabiwa, wakahamishwa, wakafundishwa, kisha wakalaumiwa. Hukumu yangu ni kwamba ongezeko la watu ni mzigo wa kweli kwa Tanga, lakini mzigo huo huwa mwepesi au mzito kutegemea nani ameshika kamba. Kwa hiyo ombi ni kwa halmashauri za Pangani, Muheza, Mkinga na Tanga, na kwa vyuo vinavyowatuma wanafunzi wake huku: matokeo ya utafiti yasomwe kwa Kiswahili katika mkutano mkuu wa kijiji kabla hayajafungwa kwenye jalada, na wenyeji wapewe nafasi ya kuyakataa. Wavuvi wa Mtang'ata walikwisha kuonyesha miaka ya 1990 kwamba wakipewa ramani na haki ya kuamua, wanajua tumbawe la kufunga.